Korija Sitini

Tajiri wetu alirudi kutoka Nairobi na programu. Alitupa habari kwa furaha ya bwana harusi: kuanzia sasa manunuzi, stoo, mishahara ya vibarua na hesabu zote zitakaa mahali pamoja, naye atauona kila msumari akiwa kitandani kwake Nyali. Mimi karani wa stoo, niliyeendesha mjengo miaka 9 kwa daftari la kurasa 200 na kalamu iliyofungwa uzi isiibwe, nilipiga makofi pamoja na wenzangu. Kidogo.

Kijana wa mafunzo akaja Jomvu Kuu, akatufungia siku mbili ndani ya kontena ambalo ndilo ofisi yetu. Katikati ya jasho nilishika haya: ombi latoka kwangu, injinia, mhasibu na tajiri waliidhinishe, ndipo oda iende kwa muuzaji. Mali ikifika, oda, hati ya mapokezi na ankara sharti zikubaliane, la sivyo halipwi mtu. Akatusimulia hata asili ya mambo haya, kwamba SAP ilianzishwa Ujerumani mwaka 1972 na watu watano waliotoka IBM. Foromani, mzaliwa wa hapa hapa ambaye sote twamwita Ami, akauliza kama kati ya hao watano alikuwamo fundi hata mmoja. Kijana akacheka. Ami hakucheka.

Wiki iliyofuata slabu ilihitaji boriti 60 za kuitegemeza. Sasa boriti kwetu pwani huhesabiwa kwa korija, ishirini ishirini, tangu enzi za majahazi ya Lamu yaliyozipeleka Arabuni. (Vyumba vya nyumba za kale ni vyembamba kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mkoko. Mkoko ndio uliokuwa injinia.) Kompyuta ilijua kilo, tani, lita, hata galoni. Korija haikuijua. Nikampigia kijana.

"Korija ni nini, bosi?"

"Ishirini."

"Hakuna shida, naiweka."

Akaiweka usiku ule ule, na kwa wema wake akaifanya ndicho kipimo cha boriti. Asubuhi mimi nimeshapiga hesabu zangu, korija tatu mara ishirini, nikaandika 60. Kando ya hiyo 60 palikuwa na maandishi madogo kama sisimizi. Sikuyasoma. Injinia aliidhinisha akiwa garini, mhasibu kabla ya chai, tajiri kitandani Nyali kama alivyoahidi. Wasomi watatu.

Alhamisi lori la kwanza likaingia kinyumenyume, likakata kamba ya nguo za jirani. Ami akasimama na chaki, mstari mmoja kwa kila korija. Mistari ikajaa mlango wa stoo, ikahamia ukutani. Lori la tatu lilipopiga honi aliitupa chaki, akanitazama bila kusema neno, na hilo lilikuwa baya kuliko matusi. Mzee mmoja aliyekuwa akitoka msikitini akasimama, akaangalia lile rundo kwa heshima.

"Mashallah. Jahazi mwalishua lini?"

Muuzaji hakuwa na kosa. Oda yasema korija 60, yaani boriti 1,200, na karatasi zote tatu zilikubaliana. Ndizo pekee zilizokubaliana siku ile. Kuzirudisha, programu ilidai idhini ya watu wale wale watatu, na injinia alikwishakwenda likizo.

Jumamosi, siku ya malipo, nikawasha kompyuta. Kioo kikawa chekundu: boriti zimepungua, kiwango cha chini 100, zilizopo 60, je, uagize? Nikageuka kutazama nje. Dirisha lote lilikuwa boriti.

Ami akaingia kuchukua orodha ya vibarua.

"Yasemaje leo hiyo?"

"Yasema boriti zinakwisha, Ami."

Akajivutia mfuko wa saruji, akaketi polepole.

"Mikono juu ya meza, mwanangu. Yote miwili."