Shilingi Hamsini za Kutangulia Kungoja

Machakos, Jumatatu, saa tano asubuhi.
Kiti cha pili, nyuma ya dereva ambaye hayupo.

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha matatu za Machakos na Nairobi (jina nimeliacha, ninyi mnajijua, na abiria wenu wanawajua zaidi).

Mheshimiwa Mwenyekiti,

MINT: ADA YA KUTANGULIA KUPANDA

Natumai barua hii itakukuta salama salimini, umeketi mahali ambapo kiti chako hakijawekewa koti la mtu. Mimi namshukuru Mungu, ila magoti. Nakuandikia nikiwa ndani ya gari lenu kwa sababu nina muda. Niliingia saa tatu kasorobo. Kibandiko cha bima kilicho kwenye kioo cha mbele nimekisoma mpaka nimekikariri, pamoja na onyo la kutotema mate na ile aya ya Zaburi iliyoandikwa juu ya kichwa cha dereva. Aya inahusu subira.

Kwanza pokea hongera. Vijana wenu wamebuni huduma ambayo sikutarajia kuiona katika uhai wangu. Siku za kawaida nauli ni mia mbili na hamsini. Lakini Jumatatu asubuhi na Ijumaa jioni, na naambiwa Desemba yote, anayetaka "kuwekewa kiti" anaongeza hamsini. Koti linaondolewa kitini, msafiri anapitishwa mbele ya wenzake, mlango unabamizwa kwa heshima zote. Leo nikasema na mimi nionje. Nimefundisha hisabati miaka thelathini na mmoja. Nimepanga foleni ya mshahara, ya kitambulisho, ya pensheni. Nikajiambia, hamsini ni nini kwa mtu aliyechoka kusukumwa?

Gari lilikuwa limejaa kasoro kiti kimoja. Kamagera alikuwa akipiga bati kwa kiganja: "Mmoja na twende! Mmoja wa Nairobi! Mwalimu, wewe ndiye huyo mmoja!" Nilijiona mteule. Nikaingia, nikafunga mkanda, nikampigia simu mwenyeji wangu kumwambia tumeondoka.

Akaingia mama na kapu lake. Kijana wa kushoto kwangu akashuka kununua maji. Wakaingia wanafunzi wawili. Wawili wa kiti cha nyuma wakakumbuka kwamba simu zao zimebaki kwa kinyozi. Yule kijana wa kushoto aliacha gazeti juu ya kiti, kama mtu atakayerudi. Nililichungulia: la mwezi uliopita. Na huko nje bati likaendelea kulia, mmoja na twende, mmoja na twende. Mwenyekiti, nimefundisha kujumlisha na kutoa kwa watoto wa vizazi viwili, na sijawahi kukutana na jumla ambayo kila ukiiongezea moja inabaki palepale. Abiria wenu wa kukodiwa sasa wako kibandani wanakunywa chai, wakingoja kwenda kulijaza gari linalofuata. Mmoja wao nilimfundisha darasa la saba. Alinipungia mkono.

Hapo ndipo nilipoielewa huduma yenu. Gari lenu haliondoki kwa saa; linaondoka likijaa. Kwa hiyo anayetangulia kupanda hatangulii kufika. Anatangulia kungoja. Mimi niliyelipa mia tatu nitakaa humu kuliko wote, na yule atakayefika mwisho, akiwa na andazi mkononi na hajamaliza kulitafuna, ndiye ambaye gari litang'oka kabla hajaketi. Nalijua hilo kwa yakini, maana Ijumaa iliyopita aliyekuwa na andazi nilikuwa mimi. Nililipa mia mbili na hamsini na sikusubiri hata dakika mbili.

Mpwa wangu anafanya kazi jikoni kwenye meli za watalii, zile ndefu kama mtaa mzima ambazo hutia nanga Mombasa mara mojamoja. Ananiambia kwamba huko nako wanauza haki ya kutangulia, na abiria hubishana kama pesa hiyo inafaa au wameibiwa. Wengine wanaona inafaa: aliyetangulia anakuta chakula cha mchana kikiwa moto na bwawa likiwa tupu, kabla ya wenzake kuja kutandaza taulo juu ya viti wasivyovikalia. (Nilipolisikia hilo la taulo nilicheka, Mwenyekiti. Kumbe makoti yenu yana ndugu baharini.) Lakini hata yule anayekataa kulipa hapotezi safari, kwa sababu meli ina saa yake ya kuondoka, na wote wanang'oa nanga pamoja. Treni yetu ya Madaraka nayo hivyohivyo: tangu 2017, wa daraja la kwanza na wa daraja la chini wanafika Mombasa dakika ileile, tofauti ni makalio tu. Chombo chenye saa kinaweza kuuza kutangulia, na mwenye pesa ya kuchezea akanunua. Chenu hakina saa, kina idadi. Mnauza nini?

Sikatai kwamba kuna mahali kulipa zaidi kunafanya kazi. Tangu 2022, pale Mlolongo, mwenye haraka analipa ushuru na kupanda barabara ya juu, kilomita 27 mpaka Westlands, akiwaacha wengine chini wakipuliziana moshi. Siipendi sana habari ya wenye nacho kupita juu ya vichwa vya wenzao, lakini angalau aliyelipa anasogea. Na ilivyo ajabu, barabara hiyo inaanzia mji ulioitwa Mlolongo kwa sababu ya malori yaliyokuwa yakijipanga kusubiri mizani. Sisi wa kaunti hii tunaijua milolongo. Mwaka wa 1988 nchi nzima iliambiwa ijipange nyuma ya wagombea ili ihesabiwe hadharani, mchana kweupe, na bado kuna mahali mstari mfupi ulitangazwa mshindi. Nilikuwepo, kwenye mstari mrefu. Kwa hiyo usidhani nashangaa kuona aliyekuja nyuma akishinda. Nashangaa tu kulipia.

Tena hapa petu kuna Kyamwilu, ambako ukizima injini, gari linaonekana likipanda mlima lenyewe, na wageni wanatoka mbali kuja kumwaga maji waone yakipanda. Huenda sisi ndio watu pekee wenye mahali ambapo gari lililozimwa linatembea na steji ambapo lililowashwa limesimama. Maana lenu limewashwa, Mwenyekiti. Limewashwa tangu nilipoingia, ili tuamini.

Na huyu mwaitu, yule mama mwenye kapu. Anakwenda kliniki Nairobi. Kadi yake inasema saa nne. Yeye naye aliambiwa amebaki mmoja. Nilimwona akifungua fundo la leso, akihesabu sarafu za kumi na za ishirini juu ya goti, akizipanga, akizirudia, mpaka zikafika hamsini, na kijana wenu akazifagia kwa kiganja bila hata kumtazama usoni. Sasa ameniuliza saa mara tatu. Mara ya tatu nilimdanganya, nikapunguza nusu saa. Aliomba kushuka apande gari la chama kingine, akaambiwa nauli hairudishwi, na hiyo hamsini hata isizungumzwe. Hiyo si huduma. Huo ni wizi, na anayewaibia wagonjwa sarafu za fundoni hana haki ya kuandika Zaburi kwenye gari lake. Mnajua. Kila Jumatatu mnajua, na kila Jumatatu mnapiga bati.

Samahani. Nimepandisha sauti, na mwanafunzi wa mbele ametoa visikizi vyake masikioni. Turudi kwenye adabu.

Ninayo maombi machache. Makoti yanayokalia viti yalipe nauli kama sisi. Kile kibao cha sambaza mnachokilaza kati ya viti kifungwe mkanda, angalau kwa kumkumbuka marehemu Michuki, waziri wa uchukuzi ambaye Februari 2004 alitupa mikanda, mstari wa manjano na kidhibiti mwendo cha kilomita 80, siku ambazo tuliketi kumi na wanne tukaona tumestaarabika. Na ile nauli mliyoipandisha 2020, tulipoamriwa kuketi wanane kwa sababu ya korona, mtueleze iko wapi. Viti vilirudi Agosti 2021, nauli nadhani bado iko karantini. Hayo ukiyatupa kapuni sitalia.

Ombi ninalokusihi kwa magoti yangu yote mawili mabovu ni hili: waachisheni kazi abiria wa kukodiwa, na badala yao mchongeshe wa mbao.

Usicheke kabla sijamaliza. Wamunyu si mbali. Ni hapahapa kaunti yetu. Tangu Mutisya Munge arudi kutoka Tanganyika baada ya vita vya kwanza vya dunia na ufundi aliouona kwa Wazaramo, watu wa kule wamechonga twiga, faru na Wamasai wa kila kimo, na wazungu wamewabeba mpaka kwao. Mtu anayeweza kumchonga twiga akakaa wima hatashindwa na abiria aliyeketi. Msitumie mpingo wala muhugu; miti hiyo tumeimaliza kwa ajili ya wageni. Mwarubaini unatosha, na tena hauliwi na wadudu, sifa muhimu kwa kiumbe atakayekaa kwenye steji yenu muda mrefu.

Nataka kumi na watatu kwa kila gari. Mmoja awe mama mnene mwenye kapu mapajani, na kuku akichungulia ndani ya kapu, shingo yake ichongwe peke yake ili itikisike injini ikiwaka. Mmoja awe karani, tai imelegea, anatazama saa ya mkononi. Saa hiyo ichongwe ikionyesha saa moja na dakika tano, wakati ambao kila abiria wenu huamini kwamba ataondoka. Mmoja awe amelala mdomo wazi, kichwa kimeegemea kioo. Awepo mwanafunzi mwenye sanduku la bati. Awepo mchungaji. Kwenye kiti cha nyuma kabisa waketi wawili wanaozungumza, mmoja amenyoosha kidole, ili kuwe na hali ya mjadala. Wachongwe kwa tezo, wapigwe msasa, wang'arishwe kwa rangi ya viatu, wafungwe mikanda. Matundu ya pua msiyasahau. Abiria wa kweli hutazama kama mtu anapumua.

Fikiria faida yake. Wa mbao hashuki kunywa chai. Hadai ishirini yake jioni. Hakumbuki simu kwa kinyozi. Hatakuwa mwanafunzi wangu wa zamani, nisione aibu mimi wala yeye. Askari wa kizuizi akichungulia ndani ataona kumi na wanne waliofungwa mikanda, wametulia, hakuna anayelalamika. Ataipigia saluti nidhamu hiyo. Na mimi ninayelipa kutangulia nitakuwa nimenunua kitu halisi kwa mara ya kwanza: jirani asiyenilalia begani.

Kisha, Mwenyekiti, na hapa ndipo moyo wangu ulipo, nichongeni na mimi. Nitakuja Wamunyu mwenyewe kukaa mbele ya fundi. Mniweke kitini Jumapili jioni, nimevaa koti langu la kahawia, kiti cha pili nyuma ya dereva, nikiwa wa kwanza kuliko wote waliowahi kutangulia. Hamsini nitalipa, na nyingine hamsini ya kunipangusa vumbi. Nitangoja humo usiku kucha na asubuhi yote kwa uso wa mbao, ambao ndio uso mnaoutaka kwetu. Mimi mwenye magoti nitakuwa nyumbani, nanywa chai na mke wangu, mpaka mtakaponipigia simu kwamba sasa, kwa haki ya Mungu, amebaki mmoja. Nitashuka na andazi mkononi. Nitamtoa huyo mwingine kitini kwa upole, nitaketi, na tutaondoka.

Na kama siku hiyo gari litakuwa limejaa kweli, basi mumpeleke yeye Nairobi. Kadi ya kliniki ya mwaitu mwekeeni mkononi. Hawa wa mbao hawaulizi saa.

Mji huu umezoea kuachwa. Reli ilitupita pembeni, na 1899 serikali ya mkoloni ilifungasha mafaili yake hapa ikahamia Nairobi, ambayo wakati huo ilikuwa kinamasi. Kilomita sitini na kitu tu, Mwenyekiti. Wale walikuwa wakienda kwa miguu, na naanza kuamini kwamba walifika mapema.

Wako aliyetangulia,
Mwalimu mstaafu wa hisabati.

N.B. Nilipokuwa nikitia sahihi, kijana wa kushoto amerudi ndani ya gari. Mwaitu amekaza kapu lake, mimi nimefunga kalamu, sote tukajua tunaondoka. Alikuja kuchukua gazeti.