Kobe Aliyemeza Betri za Rimoti

"Mwalimu amesema kesho tulete mnyama anayetembea."

Sentensi kama hii haisemwi mchana. Husemwa Jumapili saa tatu usiku, ugali umeshaliwa, sahani zimeshaoshwa, baba amenyoosha miguu kwenye kochi na maduka ya mtaani yanafungwa moja baada ya jingine. Mtoto huitamka kwa utulivu wa msomaji wa taarifa ya hali ya hewa. Akiulizwa aliambiwa lini, hujibu bila kupepesa jicho kwamba ni tangu Jumatano.

"Mnyama gani?"

"Yeyote. Lakini atembee. Na mwalimu amesema asinunuliwe."

Januari 2019 Kenya ilianza kutekeleza mtaala wa umilisi, maarufu kama CBC, kuanzia chekechea hadi gredi ya tatu, ikaanza kuuaga mfumo wa 8-4-4. Tangu hapo wazazi wengi wamekuwa mafundi kwa lazima. Mitandaoni walitaniana na kuliwazana: watu wazima wenye shahada zao, wameketi sakafuni usiku wa manane wakitengeneza sanamu za kufukuza ndege shambani, hali mwanafunzi mwenyewe anakoroma. Mwaka 2021 malalamiko kuhusu mtaala huo yalifika hadi Mahakama Kuu. Baba wa kisa hiki, mkazi wa mtaa wa Umoja jijini Nairobi, hakwenda mahakamani. Alikwenda jikoni kutafuta boksi.

Nyumba yoyote ina malighafi ya kutosha, ila malighafi hiyo ina wenyewe. Vibanio vya nguo ni vya mama. Vijiti vya mishikaki vimewekwa kwa ajili ya wageni. Kopo la kakao limejaa vifungo na sindano. Kandambili iliyokatika kamba inasubiri kupelekwa kwa fundi tangu mwaka jana, na ole wake atakayeigusa. Utotoni mwake baba huyu alikuwa na mali iliyo huru zaidi: waya wa kutengenezea magari, vifuniko vya soda vya magurudumu, na juala za kufungia mpira. Juala nazo zilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, uamuzi ambao mito na mifugo waliushukuru, lakini wacheza mpira wa uchochoroni hawakuulizwa.

Basi akaanza na tembo. Wanaume huanza na tembo.

Mpango wenyewe haukuwa mbaya. Raba bendi, ile ya kufungia noti, inashikizwa tumboni mwa mnyama, kisha ncha yake ya pili inazungushwa kwenye kijiti kinachobeba magurudumu ya nyuma. Ukiachilia, raba inarudi katika urefu wake, kijiti kinazunguka, mnyama anaondoka. Kwa boksi la kiberiti jambo hili hufanyika vizuri sana. Baba alichagua katoni ya mafuta ya kupikia. Kandambili moja ilitoa magurudumu manne bila shida, lakini akaikata na ya pili, iliyokuwa nzima kabisa, kwa sababu tembo bila masikio ni kiboko. Vijiti vya mishikaki vilipinda kwa uzito. Akaongeza raba bendi, moja, ya pili, ya tatu, mpaka zikakatika kwa pamoja na kumchapa sikio.

Mtoto alicheka mpaka akakaa chini. Baba alisema hajaumia, akalishika sikio kwa muda mrefu.

Ajifariji: amekosea pamoja na watu wakubwa. Katika majira ya kupukutika majani ya mwaka 1878, Askofu Milton Wright wa Marekani alirudi nyumbani na kitu mkononi kwa ajili ya wanawe, Wilbur wa miaka 11 na Orville wa miaka 7. Kilikuwa kichezeo kilichobuniwa na Mfaransa Alphonse Pénaud: kizibo, mianzi, karatasi na raba iliyosokotwa. Kilipaa hadi darini, kikaparazaparaza hapo kidogo, kisha kikaanguka. Watoto wakakiita popo. Kilipoharibika wakajitengenezea wengine, na kila walipomfanya popo mkubwa zaidi, ndivyo alivyozidi kukataa kuruka. Wakachoka, wakarudi kwenye tiara. Baadaye sana waliielewa hesabu yake: ukiongeza vipimo vya popo wako mara mbili, nguvu anayohitaji inaongezeka mara nane. Desemba 1903 ndugu hao waliruka kwa ndege yenye injini. Katoni ya mafuta ya kupikia, kwa hesabu hiyo hiyo, ingehitaji raba bendi za benki nzima.

Saa nne kasoro, tembo akastaafishwa akawa kiti cha paka. Ikaja zamu ya kobe.

Kobe wa kopo ni mnyama wa ajabu, na mtu asiyewahi kumwona huapa kwamba kuna ujanja. Toboa kopo matundu mawili kitakoni na mawili kwenye kifuniko. Pitisha raba bendi ndani, ipishane katikati, na pale inapopishana fungia kitu kizito. Sasa libingirishe kopo sakafuni. Kopo linazunguka, lakini kile kizito kinaning'inia palepale, hakitaki kuzunguka nalo, kwa hiyo raba inajisokota. Kopo linapokwisha mwendo, raba inajisokotoa, na kopo linarudi lenyewe kwa aliyelituma, kama mtu aliyesahau pochi.

Kitu kizito kinachofaa ni nati kubwa. Nyumba haikuwa na nati. Ilikuwa na rimoti.

"Mwanangu," shosho aliita kutoka sebuleni. Alikuwa amekuja kutembea na alikuwa na kipindi chake cha usiku huo. "Hii rimoti imekufa?"

"Imepumzika tu, mama."

Betri mbili zikaingia tumboni mwa kobe, na kobe akafanya kazi mara ya kwanza. Hapo ndipo lilipofanyika kosa la usiku ule, nalo lilifanywa kwa nia njema. Kopo linalobingirika halifanani na kobe, baba alisema, na mwalimu atadhani tumeleta takataka. Akabandika miguu minne ya boksi, shingo na kichwa chenye tabasamu. Kopo likasukumwa, likazunguka robo, likasimama kwa kichwa. Likasukumwa tena, likasimama kwa mguu. Mtoto alitazama jambo hili mara kadhaa, kisha akavunja kichwa, akang'oa miguu, akachora kobe kwa kalamu kwenye kifuniko. Kobe akaenda akarudi.

Kwa mtoto wa miaka minane mnyama ni kile kinachofanya, na sura yake inaweza kungoja. Mafundi wa kale walilijua hilo. Katika jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York kuna mbwa wa pembe ya ndovu mwenye urefu wa sentimita 18.2, aliyechongwa Misri enzi za Farao Amenhotep III, zaidi ya miaka 3,300 iliyopita. Umbo lake ni la mbwa anayeruka. Chini ya kifua ana kiwenzo. Ukikisukuma, taya linafunguka, unaona meno mawili na ulimi mwekundu. Basi, ni hilo tu. Miguu haisogei, mkia hautikisiki, masikio hayasimami. Fundi yule aliyekuwa na pembe ya ndovu mezani na muda wa kutosha alichagua mwendo mmoja, akaufanya uende sawasawa. Ni kweli kwamba yeye hakupewa taarifa Jumapili usiku.

Mbwa huyo alizaa mamba. Kibanio cha nguo tayari ni taya, kinangoja meno tu, na meno ni karatasi iliyokatwa pembe pembe. Mamba sita walitengenezwa kwa dakika chache, na kwa muda huohuo sare ya shule, soksi nyeupe na leso ya shosho vilidondoka kutoka kwenye kamba ya roshani hadi kwa jirani wa chini.

Mama, ambaye mpaka hapo alikuwa akisema "mimi simo", akaingia.

Alitengeneza tumbili anayepanda. Mgongoni mwa tumbili wa boksi unabandika mirija miwili mifupi, iliyoinama ikikaribiana juu na kuachana chini. Uzi unapita mrija mmoja, unazunguka juu kwenye kijiti kilichotundikwa msumarini, unashuka kwa mrija wa pili. Ukivuta uzi wa kushoto kisha wa kulia, tumbili anayumba huku na huku, na kila anapoyumba upande mmoja unabanwa na msuguano huku mwingine ukipanda kidogo. Ukilegeza, anateremka kwa uzito wake. Hakuna gundi nyingi, hakuna raba, hakuna sikio linaloumia. Tatizo lilikuwa mirija. Baba aliyetaka kusaidia alikata mrija wa wino wa kalamu ya biki, na wino ulikuwa bado umo. Kila tumbili alipopanda alichora mstari wa buluu ukutani. Ukuta huo ni wa mwenye nyumba.

Wakati wakubwa wakisugua ukuta kwa sabuni, mtoto alikuwa kimya. Katika nyumba yenye watoto, ukimya ni ishara ya kuchunguzwa mara moja. Alikuwa ametoboa kitako cha glasi ya plastiki, akapitisha uzi na kuufunga fundo ndani, akaushika uzi kwa kitambaa kilicholowa na kuuvuta kwa vipindi vifupi.

Kokoo. Ko-ko-ko-kokoo.

Shosho alisimama. Paka alishuka kwenye tembo. Sauti ilikuwa ya kuku halisi, tena kuku aliyetaga. Siri yake ni kwamba kitambaa chenye maji hakiteremki kwenye uzi kwa mfululizo. Hunata, huteleza, hunata tena, na uzi hutetemeka. Uzi peke yake hausikiki, lakini mtetemo ukifika kwenye kitako cha glasi, glasi inautoa kwa nguvu, kama kibuyu cha zeze kinavyofanya kazi na kamba yake. Saa tano usiku inautoa hadi ghorofa ya nne. Simu ya msimamizi wa ploti iliingia kabla ya dakika tano kwisha: mkataba unasema wazi, mzee, hakuna kufuga kuku ndani.

"Na anaweza kunya?" mtoto aliuliza baada ya baba kumaliza kuomba radhi.

Swali hilo halikuanzia Umoja. Mwishoni mwa miaka ya 1730 Jacques de Vaucanson aliwaonyesha watu wa Paris bata wa shaba aliyepiga mbawa, akala nafaka na, baada ya kitambo, akanya. Watu walilipa kuona. Ilikuja kujulikana kwamba chakula kilichomezwa hakikwenda popote. Kinyesi kilikuwa kimeandaliwa na kufichwa mapema katika chumba chake. Baba alisimulia kisa hiki ili mtoto aelewe kwamba si kila kitu kinawezekana. Mtoto alielewa kwamba kinyesi kinaweza kuandaliwa mapema, akaenda kutafuta dengu.

Asubuhi msafara ulifika shuleni: kobe, tumbili mwenye kidole cha wino, mamba wawili waliosalia baada ya mama kuwadai wanne, na kuku. Darasani kulikuwa na twiga wa mbao aliyenakshiwa kwa mkono ambao kwa vyovyote haukuwa wa mtoto wa gredi ya tatu, na mzazi wake alisimama karibu naye akipokea pongezi. Twiga hakutembea. Kobe alikwenda hadi mlangoni na kurudi, darasa zima likashangilia. Kisha wanyama wote wakapangwa rafuni, juu yao kukabandikwa karatasi: USIGUSE.

Kuku alikataliwa. Hatembei, mwalimu alisema, anapiga kelele tu na kuangusha dengu, kwa hiyo anachukuliwa mpaka saa ya kwenda nyumbani. Mapumziko ya saa nne yalipofika, wanafunzi waliokuwa wakicheza uwanjani walisikia kuku akitaga ndani ya ofisi ya walimu, mara ya kwanza taratibu, mara ya pili kwa sauti, kisha sauti ya mwalimu mwingine ikisema, "Lete, na mimi nijaribu."