Miksa ya Chaneli 32

Wanaobeza miksa za kidijitali hawapendi maendeleo. Miksa ya Behringer X32, iliyotoka mwaka 2012, ina chaneli 32, na harusi ya Ruangwa inazihitaji zote: moja ya maiki ya MC, moja ya flashi ya singeli, 30 za heshima. Fundi yuko kivulini mwa mkorosho na tableti yake, kama rubani. Spika zinakoroma, bibi harusi hasikii nasaha za shangazi, lakini skrini, jamani, inang'aa rangi zote! Watu wa Nachingwea jirani wanaelewa hayo: miaka ya 1940 Waingereza waliwaletea matrekta ya mradi wa karanga, na matrekta yalionekana kuliko karanga. Umeme ukikatika kisha ukarudi, miksa hujiwasha upya taratibu, kwa adabu. Wakati huo akina mama huimba kwa midomo mitupu, na husikika hadi barabarani.