Kinanda Kinachobweka

Mwenzangu unayeishi na mke, watoto na mama mkwe chini ya bati moja, wewe hutanicheka. Hapa kwetu Mkunya mambo mazito huamuliwa jikoni, mimi huletewa taarifa pamoja na chai. Ndivyo nilivyopata habari kwamba kinanda cha Mzee kinaondoka.

Kilikuwa kile cha kukanyaga. Unachezesha miguu kama fundi cherehani, mifuko ya ndani inasukuma upepo, upepo unatikisa vilimi vya shaba, basi nyumba nzima inajaa sauti. Mfaransa mmoja, Debain, alisajili cha kwake Paris mwaka 1842, na wamisionari wakavipenda kwa kuwa havidai umeme wala havisumbuliwi sana na joto kama piano.

Marehemu baba mkwe, mwalimu wa kwaya, alikipata kwa padri mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Mzee alikuwa Mwanglikana wa kweli kweli. Akikusimulia jinsi Askofu Steere alivyofika Masasi mwaka 1876 na watu waliokombolewa utumwani, kisha uvamizi wa Wangoni wa mwaka 1882, hadi mmisionari Maples akahamia huku Newala, utadhani yeye mwenyewe alikuwapo, kabeba mzigo kichwani. Ukisinzia, anaanza upya kuanzia Zanzibar.

Mifuko ya upepo ilipopasuka, fundi baiskeli aliiziba kwa tyubu. Mvua zikishika, kibonye cha "so" kilinasa chini na kulia chenyewe mpaka ukipige konzi. Sote tulikuwa tunakipenda, na mimi kuliko wote, ingawa sijui kupiga hata wimbo mmoja.

Mke wangu, ambaye nyumbani tunamwita Mwenyekiti kwa jinsi anavyoendesha vikao kuliko mwenyekiti wa chama cha ushirika, AMCOS, alikuwa na hoja moja tu: panya. Akampata kijana mpiga kinanda wa kwaya huko Masasi, mpenda vitu vya kale, aliyekuwa tayari kutoa Yamaha ya umeme yenye vibonye 61, nasi tuongeze hela kidogo ya korosho. Ile "kidogo" waliivutania kwenye simu kwa namna ambayo ingewatoa jasho wanunuzi wa mnadani. Kijana akitaja bei, Mwenyekiti anacheka tu, tena kicheko kirefu.

Hapo akatokea Shemeji Stakabadhi. Huyu ni mpwa wa marehemu, na kwa mila zetu za kufuata ukoo wa mama, mpwa ana kauli kuliko mkwe. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoingia kwenye korosho mwaka 2007, hapokei kitu bila karatasi, hata kuku. Akadai muhtasari wa kikao. Ukaandikwa, akatia sahihi, akala ugali wa muhogo na kisamvu, akaondoka na jogoo. Jina langu kwenye muhtasari limo, chini ya "waliohudhuria."

Siku ya kukipakia kwenye Fuso tulifungua ubao wa nyuma. Panya walikuwa wamejenga haswa: maganda ya korosho, soksi ya mtoto, na katikati, imekunjwa vizuri, kadi ya kliniki ya mwanetu Neema, ile ambayo kwa miaka mingi nimekuwa nikisutwa kwamba niliipoteza. Neema sasa yuko kidato cha pili. Nikaishika juu ili kila mtu aione. Mwenyekiti akaitazama, akasema, "Baba Neema, shika huku, kinaanguka."

Radhi naisubiri hadi leo.

Yamaha ikaja, nyembamba, ikawekwa mezani. Mdogo wake Neema, ambaye tunamwita Mchwa kwa kuwa hakuna kitu anachokiacha kizima, akagundua kabla ya saa ya chakula kwamba humo ndani mna sauti ya mbwa. Usiku akabwekesha. Mbwa wa jirani akajibu, wa ng'ambo akadakia, na jirani akatoka na tochi na panga kutafuta mwizi. Umeme ukikatika inataka betri sita, kwa hiyo redio yangu na tochi yangu vyote sasa ni vitupu.

Jumapili iliyopita mama mkwe, Bibi Spika, alikubali kuijaribu. Vidole vyake bado vizuri, ila miguu ikawa inakanyaga chini ya meza kwa mazoea, mpaka ikang'oa waya. Kimya. "Hiki hakina pumzi," akasema. Mchwa akakimbilia kuchomeka, na mkono wake ukapita pale unapopitaga siku zote.

Ubeti wa pili ukaanza kwa kubweka. Bibi Spika haachi wimbo katikati. Akaupiga wote, so kwa so, na Neema akiimba sauti ya pili bila hata kutabasamu.