Ni Sisi Pekee?

Stima ikipotea Umoja, hakuna anayeuliza imepotea kwa nini. Swali hilo tuliliacha zamani. Linalobaki ni moja, nalo hurushwa kutoka balkoni zote kwa mpigo, ghorofa ya kwanza hadi ya sita: "Ni sisi pekee?"

Hapo shingo hunyoshwa. Huyu anatazama Donholm, yule anachungulia upande wa Kayole. Jirani wa juu kabisa, ambaye siku nyingine hamsemezani kwa sababu ndoo yake ya kufulia humwagikia shati lako, ghafla anakuwa mtu wa maana. "Donholm pia hakuna!" anatangaza, na ploti nzima inashusha pumzi. Watoto wanapiga mayowe, watu wanacheka, mama wa chapati pale chini anawasha kitaa chake cha betri na kusukuma unga kama kawaida. Lakini jirani huyo akisema, "Donholm iko," utasikia matusi kwa lugha zote za Kenya na mbili tatu za Tanzania.

Kwa hiyo mimi nimekata shauri kwamba giza halijawahi kutusumbua. Kinachotusumbua ni taa ya jirani. Walioupa mtaa huu jina la Umoja miaka ya sabini hawakujua kwamba transfoma zingekuja kututenganisha. Ploti yetu iko laini moja, ile ya ng'ambo ya barabara iko laini nyingine, na laini hizo hazijawahi kukubaliana lolote. Wa ng'ambo si watu wabaya. Ila sisi tukizimiwa, wao huacha mapazia wazi.

Agosti 22, 2025 sitaisahau. Harambee Stars walikuwa Kasarani, robo fainali ya CHAN, bao moja kwa moja na Madagascar, mechi inakwenda kwa penalti. Stima ikaenda. Tulisimama balkoni, wanaume wazima, tukitazama penalti kwa masikio. Ng'ambo wakipiga kelele, tunajua Mkenya amefunga. Wakinyamaza, tunashika vichwa. Mwishowe wakanyamaza kwa muda mrefu kuliko kawaida, taa moja moja zikaanza kuzimwa, nasi tukaingia ndani bila mtu kuuliza matokeo.

Linganisha na Ijumaa ile ya Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima ilipozama gizani. Hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ulikosa taa, jenereta likakataa kuwaka, na waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, akaomba radhi hadharani. Kwetu Umoja ilikuwa kama sherehe. "Hata wenye pasipoti!" alisema mzee wa ghorofa ya chini, na sauti yake ilikuwa na faraja ambayo sijaisikia hata kanisani.

(Mambo ya maji nayapita. Maji yetu hupandishwa tangini kwa pampu, pampu hutumia stima, na anayejipaka sabuni saa moja jioni ajue anacheza kamari.)

Basi juzi, Jumanne, nilikuwa napiga pasi shati la kazini. Pasi ikapoa, redio ikanyamaza, nami nikatoka balkoni kama ilivyo ada. "Ni sisi pekee?"

Kimya. Kisha mtoto wa ghorofa ya pili akajibu, "Sisi tuko nayo!"

Nilitazama. Kweli, ploti yetu inang'aa juu hadi chini. Jirani wa mlango wa pili akatoka na mswaki mdomoni, nami, kwa kuwa sipendi kuonekana mtu asiyeelewa mambo, nikamwambia fezi yetu imeenda. Akasikitika. Akarudi na taa yake ya kuchaji, na kwa kuwa hakuondoka mara moja, nikamtolea mhadhara.

Nilianza na mabwawa ya Mto Tana, Masinga hadi Kiambere, mvua ikikosa yanavyotuacha mkono mtupu. Nikamkumbusha kwamba tangu 2022 tunanunua umeme Ethiopia. Nikamtajia tumbili wa Gitaru, yule wa Juni 7, 2016, aliyeangukia transfoma na kuzima nchi nzima. Tumbili mwenyewe alipona, akakabidhiwa watu wa wanyamapori akahudumiwe, jambo ambalo sisi tuliokosa stima hatukufanyiwa. Nikamalizia na Rais, aliyekiri kwamba kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku baadhi ya maeneo hulazimika kuzimwa. "Sasa hivi ni saa ngapi?" nikamuuliza. "Saa moja na nusu," akasema. "Umeona?"

Aliona. Alikasirika kuliko mimi, akasema haiwezekani mtu mzima akae gizani na watu wazima wenzake wako na mwanga, akamwita keateka. Keateka alipanda na ngazi begani, koleo mkononi na simu ya mulika mwizi mdomoni, nyuma yake watoto wanne, kwani hawa huwa hawakosi. Tukashuka sote hadi sanduku la mita chini ya ngazi. Njiani jirani aliendelea kuwaelezea watoto habari za Gitaru, na tumbili sasa alikuwa amekuwa nyani.

Keateka akafungua sanduku. Akamulika mita ya kwanza, ya pili, akafika yangu. Akakaa kimya, akaifuta vumbi kwa kidole, akamulika tena. Kitaa chekundu kilikuwa kikimweka, na juu yake sufuri zimejipanga safi.

Akatoa simu mdomoni, akaipangusa kwenye suruali.

"Mkubwa," akasema kwa heshima zote, "hii fezi inataka tokeni ya mia mbili."