Pikapu ya Ukoo

Pikapu ikiwa nzima ni ya ukoo. Ikigoma ni yangu peke yangu. Hii ya kwangu imehamisha vitanda vya nusu ya Kimara, imebeba tofali za shemeji, mbuzi wa maulidi, na maturubai ya misiba ya watu nisiowajua hata kwa sura. Malipo siku zote ni yale yale: "Mungu atakulipa, Mzee." Mpaka sasa hajaleta stata.

Maana stata ndiyo iliyokufa. Nikigeuza ufunguo inasema "tak", basi. Honi inalia hadi kuku wanatawanyika, taa zinawaka, kwa hiyo betri haina kesi. Dawa ya kwanza ni kuingia uvunguni na spana ya magurudumu, uigonge stata mgongoni huku mtu akigeuza ufunguo. Ikikataa, tafuta wasukumaji.

Hapo ndipo utawajua ndugu. Shemeji wa tofali, mgongo unamsumbua. Jirani ambaye kabati lake lilinichubua rangi ubavu mzima amevaa suti, anawahi kikao. Wanabaki vijana wa bodaboda, nao hela kwanza, na yule aliyegusa bampa kwa kidole naye anahesabiwa. Gia ya pili, klachi chini, gari likishika mwendo naachia: linashtuka, linawatemea vijana moshi mweusi, linawaka. Baada ya hapo sizimi. Nyama nanunua injini ikinguruma nje ya bucha.

Mmarekani Charles Kettering ndiye aliyebuni stata ya umeme iliyofungwa kwenye Cadillac za mwaka 1912. Kabla yake watu walizungusha hendeli mbele ya gari, na ikirudi kwa kishindo iliweza kukuvunja mkono. Sawa, lakini hendeli unaizungusha mwenyewe. Haina shemeji.

Fundi hata boneti hakufungua. "Stata mpya tu hapo, Mzee." Tukaenda Gerezani, muuzaji akatoa moja, "orijino kabisa, ya Dubai", inang'aa kama sahani ya harusi. Nikaigusa, kidole kikarudi na rangi ya fedha, mbichi. Nikasema tufungue kwanza hiyo yangu.

Fundi akachomoa waya wa hasi wa betri, akatandika boksi, akalala chini. Bolti ya chini ilitoka bila ubishi. Ya juu haionekani. Inatafutwa kwa vidole, na ndipo nilipowasikia Wajapani walioiunda pikapu wakitajwa pamoja na mama zao. Stata iliposhuka akafungua selenoidi. Ndani mna vipande viwili vya shaba vinavyopitisha umeme kwenda kwenye mota. Kimoja kilikuwa kimeliwa upande, cheusi, hakigusi tena. Ugonjwa wote ule! Vipya vyake ni bei ya chipsi kuku. Ufundi je? Bei ya kubadili stata nzima. "Kufungua ni kulekule, Mzee."

Sasa inawaka ukigusa tu ufunguo, na sijamwambia mtu. Bado naegesha kwenye mteremko, pua ikitazama barabarani. Jumamosi shemeji alipiga simu, ana mchanga kidogo tu wa kusogeza. Nikamwambia karibu sana, aje na watu sita wa kusukuma. Amekodi kirikuu.