Mbu Wana Nyumba, Mpangaji Wangu Je?

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya sayansi,
Dodoma.

YAH: KODI YA CHUMBA CHA UANI, MIEZI MINNE

Nakuandikia kutoka Kaole, Bagamoyo: mimi ni mzee mwenye vyumba vitatu vya kupangisha, si mbali na magofu ya kale. Siombi barabara. Nauliza tu kodi ya mpangaji wangu niidai kwako au kwa Wazungu, maana mwenyewe hajui mwajiri wake ni nani.

Ni daktari, ila si wa kutibu. Mtoto wa jirani alipopata homa, mama yake aligonga saa nane za usiku. Mpangaji akatoka na kanga, akasema, "Dada, mimi ni daktari wa jeni." Heshima yake mtaani haijarudi mpaka leo. Nami nilimuuliza hizo jeni ni nini. Akanieleza kwamba karibu kila seli ya mwili imebeba kitabu kilekile, ya jicho na ya ini sawasawa. Jicho haliwi ini kwa sababu kurasa nyingine zimefungwa, nyingine zimefunguliwa. Yeye anatafuta kemikali za kufungua na kufunga kurasa. Nikauliza, inalipa? Akasema, "Mzee, usiku mwema," akaingia ndani. Ilikuwa saa kumi jioni.

Mheshimiwa, hapa Bagamoyo wataalamu wa Taasisi ya Afya Ifakara, pamoja na taasisi ya utafiti wa magonjwa, NIMR, na Imperial College London, wametengeneza mbu waliobadilishwa jeni. Habari zao zilitoka katika jarida la Nature mwaka 2025. Wamewatia jeni za protini mbili ndogo, moja asili yake chura, nyingine sumu ya nyuki, za kudumaza kimelea cha malaria tumboni mwao. Zimefungamanishwa na jeni ya kumeng'enya chakula: mbu akinywa damu, swichi inawashwa. Hawajaachiwa nje. Wanalelewa ndani ya jengo la ulinzi, joto linapimwa, mlo upo. Nimepiga hesabu, wanamzidi mpangaji wangu kwa nyumba, kwa mlo na kwa uhakika wa kesho.

Swichi, hata yeye anayo. Ruzuku ya utafiti kutoka nje ikiingia, ananunua nguru na kulipa miezi sita kwa mkupuo. Mei 2025, NIH, taasisi ya afya ya Marekani, iliposimamisha ruzuku mpya zinazopitia taasisi zao kwenda kwa washirika wa nje, nilipata habari kabla ya redio: alikuja kuniomba alipe mwezi kwa mwezi. Wamezima kwao, giza likaingia uani kwangu.

Huku nyumbani, chuo kimoja kilimwambia uzamivu wake ni mzuri sana, tatizo ni shahada ya kwanza: alipata 3.7, wao wanataka 3.8. Tangu hapo anafundisha hapohapo kwa malipo ya vipindi. Kumbe ile 0.1 huzuia mshahara tu, kufundisha haizuii.

Nasikia nchi za Afrika zilikubaliana Khartoum mwaka 2006 zitenge asilimia moja ya pato la taifa kwa utafiti. Wapo wapangaji waliohama kwangu mwaka huohuo wakisema watarudi na kodi, kwa hiyo naelewa. Serikali pia ilitangaza zawadi ya hadi shilingi milioni 50 kwa msomi atakayechapisha katika majarida makubwa. Jambo jema. Ni kumwahidi mvuvi ng'ombe akileta papa, ngalawa ajitafutie.

Juzi nilimkuta kwenye mbuyu wa magofuni, ule ambao wageni huambiwa ukiuzunguka unaongezewa umri. Anazunguka, mkataba wa miezi sita mkononi, watalii wanampiga picha. Nikamwambia, "Binti yangu, mbuyu unaongeza miaka. Miezi ni ya Hazina."

Basi, kama ajira haipo, naomba aandikwe kwenye bajeti kama mbu. Fundi ameshapima: milango miwili ya ulinzi na wavu wa dirisha, laki mbili na nusu. Ankara nimeambatisha pamoja na deni la kodi. Damu atajitafutia.

Wako mtiifu,
Mwenye nyumba, Kaole